Hoteli, Kisiwa na Mzimu: Kazi ya Mandhari katika Riwaya ya Upelelezi

Swali la mandhari limewaponza watahiniwa wengi katika Karatasi ya Tatu. Mtahiniwa huandika, "Mandhari ya riwaya hii ni pwani, ambako kuna bahari, minazi na hewa safi," kisha huanza kusimulia hadithi upya tangu mwanzo hadi mwisho. Anajaza kurasa tatu, anapata alama mbili. Mtahini hana la kumpa zaidi, kwa sababu alama haitolewi kwa kuitaja bahari. Hutolewa kwa kueleza bahari hiyo inafanya kazi gani katika hadithi.

Katika riwaya ya mapenzi au ya maisha ya kijijini unaweza kujiponya bila kuieleza kazi hiyo vizuri. Katika riwaya ya upelelezi huwezi. Hapa mandhari ndiyo yanayoamua nani anaweza kushukiwa, nani hawezi, na kwa nini ukweli haukujulikana siku ya kwanza. Makala haya yanaichukua riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, na kuiweka kando ya aina moja ya hadithi inayosomwa sana duniani: mtu ameuawa katika hoteli ya ufuoni, enzi za zamani kidogo, na muuaji ni mmoja wa wageni waliokunywa chai pamoja asubuhi ile. Ukielewa kwa nini waandishi wanaipenda hoteli hiyo, utaelewa vizuri zaidi kwa nini Abdulla alimlaza maiti wake mzimuni.

Kwa nini hoteli ya ufuoni?

Wengi wenu mnaosoma mwongozo huu hapa Chepseon, au Londiani na Litein, hamjaiona bahari bado. Hilo lisikutie hofu. Anza na mahali unapopajua: kituo cha kupimia majani ya chai.

Tuseme alasiri moja, kati ya saa nane na saa tisa, pesa za chama zilizokuwa katika mkoba wa karani zimetoweka. Waliokuwapo wanajulikana. Wote walikuwa kwenye foleni na magunia yao. Kila aliyepima ana risiti yenye tarehe na kilo zake. Dereva wa lori anajua alifika wakati gani. Barabara ya kuingia kituoni ni moja, na kwa kuwa mvua ilinyesha, mgeni angeacha nyayo matopeni. Basi aliyechukua pesa ni mmoja wa waliokuwa kwenye foleni. Papo hapo watu waliokuwa wakicheka pamoja wanaanza kutazamana kwa jicho jingine. Mama fulani anakumbuka kwamba jirani yake alitoka foleni "kwenda kufunga mbuzi". Kijana fulani anajitetea kabla hajaulizwa.

Sasa foleni ibadilishe iwe meza ya chakula cha jioni. Risiti iwe daftari la wageni pamoja na funguo za vyumba zilizotundikwa ukutani. Barabara ya matope iwe maji ya bahari. Umeipata hoteli ya ufuoni. Wahakiki huyaita mandhari ya namna hii mandhari yaliyofungwa: idadi ya watu inajulikana, njia za kuingia na kutoka zinajulikana, na hakuna mgeni wa kubebeshwa lawama.

Mwandishi aliyeitumia hila hii kwa ustadi mkubwa ni Agatha Christie wa Uingereza. Katika Evil Under the Sun, iliyotoka mwaka wa 1941, hoteli imejengwa kwenye kisiwa kidogo kilichounganishwa na bara kwa njia inayofunikwa maji yanapojaa. Mwanamke aliyewahi kuwa mwigizaji anauawa kwenye ufuo mdogo wa kisiwa hicho. Mpelelezi Hercule Poirot, Mbelgiji aliyekuwa polisi zamani, naye yuko hapo kama mgeni tu, amekuja kupumzika. Sitakuambia muuaji ni nani. Lakini angalia jinsi bahari inavyofanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Ni ukuta, kwa sababu inawafungia washukiwa ndani. Tena ni saa, kwa sababu maji yana nyakati zake. Kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kati ya kujaa na kupwa hupita saa sita na ushei. Watu wa pwani wanajua hata siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, na siku za maji mafu, tofauti inapokuwa ndogo. Mshukiwa akisema alitembea ufuoni saa fulani, mpelelezi hahitaji shahidi mwingine. Anauliza tu maji yalikuwa wapi saa hiyo. Akisema aliacha nyayo, anaulizwa mbona hazipo, na jibu la kwamba maji yalizifuta ama ni kweli ama ni uongo.

Ndiyo maana nakusihi usiandike "kuna bahari" ukatua hapo. Andika bahari inamzuia nani, inamfichua nani, na inafuta nini.

Hadithi za aina hii huitwa na wengine riwaya tulivu za upelelezi. Utulivu hapa hauna maana kwamba hakuna kifo. Maana yake ni kwamba kifo chenyewe hakionyeshwi kwa kirefu, damu hairuki ukurasani, mpelelezi mara nyingi si askari wa zamu, na jamii inayohusika ni ndogo, yenye watu wanaofahamiana. Silaha kubwa ni swali. Hilo linazitofautisha na hadithi za Willy Gamba za Elvis Musiba, kama vile Kufa na Kupona ya mwaka wa 1974, au za Joram Kiango za Ben Mtobwa, ambako kuna bastola, magari ya kasi na hoteli pia, lakini hoteli za mjini ambazo mtu huingia na kutoka apendavyo. Hoteli ya Gamba haimfungi yeyote. Ikitokea swali la kulinganisha, tofauti hiyo peke yake inaweza kukupa hoja nzuri.

Zamani ya nani?

Neno "kihistoria" nalo huwachanganya wanafunzi. Kuna riwaya iliyoandikwa zamani kuhusu siku zake yenyewe, na kuna riwaya iliyoandikwa baadaye kuhusu siku zilizopita. Kuli ya Shafi Adam Shafi ni ya kundi la pili: ilichapishwa mwaka wa 1979 lakini inatazama nyuma kwenye mgomo wa Unguja wa mwaka wa 1948. Christie yuko kundi la kwanza. Aliandika juu ya watu wa wakati wake, na ni miaka iliyopita ndiyo iliyoigeuza hoteli yake kuwa historia.

Tuchukue mfano wa kwetu. Malindi ilianza kuwa mji wa hoteli za walowezi katika miaka ya 1930. Meneja wa shamba la chai la Kericho aliyetaka kwenda huko kupumzika angeweza kupanda treni katika stesheni ya Lumbwa, ambayo leo tunaiita Kipkelion, akashuka hadi Mombasa, kisha akaendelea kwa barabara na kuvuka vivuko vya Mtwapa na Kilifi. Mwandishi wa leo akitaka kuandika hadithi ya mauaji katika hoteli kama hiyo, ana mandhari yaliyofungwa tayari: vivuko, reli, daftari la wageni. Lakini ana tatizo ambalo Christie hakuwa nalo. Hoteli za walowezi hazikuwapokea Waafrika kama wageni. Waliwapokea kama wapishi, madobi na wahudumu wa meza. Kuanzia karibu mwaka wa 1920, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kuwa na kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kibweta cha bati. Mgeni wa Kizungu aliandika jina lake mwenyewe daftarini. Mhudumu aliandikwa na wengine.

Fikiria basi nani anajua mambo katika hoteli hiyo. Aliyetandika kitanda anajua nani hakukilalia. Aliyefua shati anajua lilikuwa na doa gani. Aliyepeleka chai alfajiri anajua ni mlango upi haukufunguliwa. Hakuna anayemwuliza, na siku atakapoulizwa ataulizwa kama mshukiwa, si kama shahidi. Ukisoma riwaya yoyote ya upelelezi, ya kwetu au ya ng'ambo, jizoeze kuuliza swali hili: ni nani katika mandhari haya anayeona kila kitu na hahojiwi? Mara nyingi jibu lake litakupa hoja kuhusu matabaka ambayo mtahiniwa wa jirani hakuiona.

Kisiwa cha Bwana Msa

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka wa 1918. Alipomaliza masomo mwaka wa 1938 aliajiriwa kuwa mkaguzi katika idara ya afya, kazi aliyoifanya kwa takriban miaka kumi kabla ya kuingia katika uhariri wa magazeti. Kuanzia mwaka wa 1958 hadi alipostaafu mwaka wa 1968 alihariri jarida la wakulima, Mkulima. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wasiuruke mstari huo wa ukaguzi wa afya. Mkaguzi wa afya ni mtu ambaye kazi yake ni kuingia mahali ambapo wengine wanaziba pua au wanageuza uso, akatazama, akauliza maji haya yanatoka wapi. Huyo ndiye Bwana Msa kabla hajapewa jina.

Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau mwaka wa 1957/58, ikachapishwa kama riwaya mwaka wa 1960. Ndiyo ya kwanza kumtoa Bwana Msa, mpelelezi aliyerudi baadaye katika Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na nyingine. Ana kiko chake, ana rafiki yake Najum anayemfuata na kumuuliza yale ambayo sisi wasomaji tungependa kuuliza, na kuna Inspekta Seif upande wa polisi. (Tanbihi: Msa ni jina la mtu. Si kifupisho cha Mombasa, kama tunavyoandika huku kwetu kwenye bahasha.)

Kisa kinaanza na kifo. Ali Bomani, mtu tajiri mwenye mashamba, anapatikana ameuawa mzimuni. Hapa lazima tusimame kwenye neno lenyewe. Darasani tumezoea kwamba mzimu ni roho ya mtu aliyekufa. Pwani na visiwani, mzimu ni mahali pia: pango, magofu, mbuyu mkubwa au makaburi ya kale ambako watu huamini kwamba wazee waliotangulia wapo, na ambako hupelekwa ubani, marashi au chakula ili kuomba jambo. Asiyejua maana hii ya pili husoma jina la riwaya vibaya na huendelea kupotea hadi ukurasa wa mwisho.

Sasa rudi kwenye hoteli. Pale maji yaliwafungia washukiwa ndani. Mzimu wa Abdulla nao umefungwa, lakini si kwa maji wala kwa ukuta. Umefungwa kwa hofu. Hakuna askari mlangoni, ila watu hawaingii ovyo. Na aliyeingia akaona kitu hasemi, kwa kuogopa kupatilizwa. Muuaji hahitaji kufuta nyayo zake. Watu wenyewe watamfutia, kwa kusema kwamba wazee wa kale wamekasirika. Mandhari yanafanya kazi ya wakili wa muuaji hata kabla hajatafutwa.

Hiyo ndiyo hoja yenye uzito kuhusu riwaya hii, na ndiyo inayokosewa zaidi. Watahiniwa wengi huandika, "Mwandishi anakashifu ushirikina." Si uongo, lakini ni nusu ya hoja. Iandike yote: imani inayokataza maswali inampa muuaji mahali pa kujificha. Bwana Msa hapambani na wazee wa kale, wala hapotezi muda kuwabeza wanaowaamini. Anaingia mzimuni kama mkaguzi anavyoingia kisimani. Anapatazama kama mahali pa kawaida penye mchanga, miti na njia, anauliza nani alikuwa hapo na nani ananufaika. Mara tu mahali hapo panapokuwa mahali tu, wakili wa muuaji amepoteza kesi.

Nieleze kwa nini nalisisitiza jambo hili kuliko mtihani unavyodai. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, ambako si mbali na hapa, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Kilifi, wazee wenye mvi wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma hizo hizo kwa miaka mingi, na mara nyingine nyuma ya tuhuma kuna ugomvi wa shamba. Katika riwaya ya Abdulla, mizimu inalaumiwa na muuaji anapumua. Katika maisha, mizimu haina shingo ya kukamatwa, kwa hiyo hutafutwa binadamu dhaifu wa kulipia. Mwanafunzi anayeweza kuandika hilo kwa mistari miwili chini ya hoja yake ameonyesha umuhimu wa riwaya leo, na swali la umuhimu huulizwa.

Kuna upande wa historia pia. Mwaka wa 1960 mtu tajiri mwenye mashamba alikuwa mtu wa kawaida katika Unguja ya mikarafuu. Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yalitokea, na mpangilio huo wa wenye mashamba ukavunjwa. Abdulla hakuandika riwaya ya kihistoria. Sisi ndio tunaoisoma hivyo, kwa sababu tunajua kilichofuata naye hakujua. Uangalie utajiri wa Ali Bomani kwa macho hayo, ila usidai kwamba mwandishi alitabiri Mapinduzi. Maandishi hayakupi ushahidi huo.

Je, Bwana Msa ni Sherlock Holmes?

Swali hili hupendwa. Ni kweli kwamba mpelelezi wa Arthur Conan Doyle ameacha alama: kiko, rafiki wa kuulizia maswali, tabia ya kuona kidogo na kujua kingi. Hata wazo la kifo kinachosingiziwa viumbe wa kutisha lipo katika The Hound of the Baskervilles, iliyochapishwa kama kitabu mwaka wa 1902, ambako jamii nzima inaamini kwamba mbwa wa kuzimu anaiwinda ukoo mmoja. Taja mfanano huo kwa sentensi moja au mbili, kisha nenda kwenye tofauti, kwani tofauti ndizo zenye alama. Holmes anaishi London, mji wa watu wasiojuana. Wateja humjia, naye huenda mahali kama mgeni. Bwana Msa anafanya kazi kisiwani, ambako kila mtu ni shemeji, jirani au mdeni wa mwenzake. Kule kikwazo ni kwamba watu hawajui. Huku wanajua, lakini wanastahiana. Kumuuliza mzee wa watu usiku ule alikuwa wapi ni jambo la adabu kabla hata halijawa jambo la sheria, na ndiyo sababu mazungumzo ya Bwana Msa huanza mbali, kwa salamu na mizaha, kabla ya kufika penyewe.

Swali na majibu mawili

"Mandhari ni mhimili wa riwaya ya upelelezi." Jadili kauli hii kwa kurejelea Mzimu wa Watu wa Kale. (alama 20)

Linganisha aya hizi mbili nilizoziandika kwa mfano. Ya kwanza: "Riwaya imetokea kisiwani. Kuna mzimu ambako watu waliabudu. Ali Bomani aliuawa huko. Bwana Msa alikuja na Najum wakachunguza, hatimaye muuaji akajulikana." Kila sentensi ni ya kweli, lakini aya haina hoja. Ni muhtasari.

Ya pili: "Mzimu ni mahali panapoogopwa na jamii. Maiti ya Ali Bomani inapopatikana hapo, hofu hiyo inawafanya watu wahusishe kifo na nguvu za wazee wa kale badala ya kumtafuta binadamu. Hivyo mandhari yanachelewesha ukweli na kujenga taharuki. Bwana Msa anapopachunguza kama mahali pa kawaida, anawarudisha washukiwa wa kibinadamu kwenye kisa." Hapa kuna hoja, kuna mfano kutoka kitabuni, na kuna maelezo ya kazi ya mandhari katika msuko. Aya tano au sita kama hii, kila moja na hoja tofauti, zinatosha. Usirudie hoja moja kwa maneno mapya. Watahini tunaijua mbinu hiyo.

Zoezi la kufanya wawili wawili kabla ya kipindi kijacho: chagueni mahali pamoja mnapopafahamu vizuri, kituo cha majani, bweni, au ile Tea Hotel ya Kericho iliyojengwa na kampuni ya chai katika miaka ya 1950. Andikeni ukurasa mmoja mkionyesha njia zote za kuingia na kutoka, nani angekuwa na daftari, na nani angeona kila kitu bila kuulizwa. Kisha badilishaneni karatasi na wenzenu, nao waitafute njia mliyoisahau.